Dini ya Mfanyakazi na Mamlaka ya Meneja

Msikilizaji, meneja anayeikejeli hijabu au rozari ya mfanyakazi, au anayemnyima cheo kwa sababu ya imani yake, anavunja sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, kinakataza ubaguzi wa dini, na unyanyasaji wa msingi huo kinauhesabu kuwa ubaguzi. Wapo wanaosema kila kazi ina masharti yake. Kweli, na sheria inayatambua masharti ambayo kazi yenyewe inayadai. Lakini kejeli haidaiwi na kazi yoyote! Wengine huuliza, mnyonge atathibitishaje? Akishaonyesha dalili za msingi za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri. Basi andika tarehe, tunza ujumbe, ulifikishe shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.