Jiko la Shauri Moyo
(Maneno ya mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Eastlands, Nairobi)



Nimeombwa niseme jinsi nchi ndogo inavyoweza kukuza mali yake. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, kwa hiyo habari za benki nawaachia wengine. Mimi nitasema habari za jiko.

Ukitoka Muthurwa kwa miguu kwenda Kamukunji, utasikia nyundo kabla hujaona mtu. Pale mapipa matupu hukatwa na kunyoshwa, yakawa karai, masanduku ya watoto wa shule na majiko. Fuawe la fundi mara nyingi ni kipande cha chuma cha reli. (Sitauliza kilitoka wapi.)

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu, na moto wake ulipasha hewa kuliko sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walileta wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani yake. Hapa kwetu umbo likabadilishwa: likapata kiuno, na udongo ukawekwa juu tu, penye makaa. Likitumiwa vizuri, aliyekuwa akinunua mikebe mitatu ya makaa hununua miwili. Mfinyanzi hufanya udongo, fundi wa bati hufanya ganda, mwingine huunganisha kwa saruji, na wote hula. Wengi waliiga, bei ikashuka, na jiko likafika hata Tanzania, Uganda na Rwanda.

Lakini kuiga bila kipimo kuna hasara. Jiko langu la kwanza lilipasuka kabla mwezi haujaisha. Muuzaji akasema nimelimwagia maji. Kweli nilimwaga kidogo, lakini udongo ule haukuwa umeiva. Watu wakiuziwa majiko kama hayo, hurudia bati.

Serikali nayo ilichelewa kuwaona mafundi hawa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi la Dunia waliandika kwamba kazi zao ni kazi kweli, ilhali walikuwa wakifukuzwa. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, na baadaye vibanda vikajengwa. Mwaka 2012 ikatungwa sheria ya biashara ndogo. Leo, kwa hesabu za serikali, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wenye kazi, mbali na wakulima wadogo, wako jua kali. Hata hivyo wengi hawana karatasi ya mahali wanapoketi. Nani atanunua mashine ya kuchomelea, naye hajui kama kesho atabomolewa?

Mtaniuliza, chama chetu kinahusika vipi? Kaka yangu alipoachishwa kazi hakupata ofisi nyingine. Alipokewa na fundi mmoja Shauri Moyo, akampa nyundo siku ile ile. Kesho huenda ikawa ni mimi, au wewe uliyekaa nyuma pale.

Basi naomba tawi liamue mambo mawili leo. Wazee wetu waliostaafu, wanaojua kupima na kukereza chuma, waombwe kuwafundisha vijana wa Kamukunji siku za Jumamosi. Tena tunapoiandikia Kaunti juu ya nyumba zetu, barua hiyo hiyo idai na viwanja vya mafundi, nao waitie sahihi pamoja nasi.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Naomba mtu aniunge mkono.