Amana katika Gari Linunuliwalo Ng'ambo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia biashara na kutuharamishia dhulma. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, na tunajilinda kwake na shari ya nafsi zetu. Sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyejulikana kwa jina la Mwaminifu kabla hajapewa utume, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyendo zao njema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, ninakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu juu ya kumcha Mwenyezi Mungu, kwani huko ndiko kufuzu kwa dunia na Akhera.

Leo tumekusudia kusema juu ya mtu anayenunua gari katika nchi ya ng'ambo na kulileta nyumbani. Huenda mwenye kusikia akastaajabu, akasema: Haya ni mambo ya bandarini na forodhani, yana uhusiano gani na mimbari? Jawabu lake ni kwamba dini yetu haikuishia mlangoni mwa msikiti. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya madeni, ya kuandikiana na kushuhudiliana. Basi ikiwa Mola wetu ameupa mkataba wa watu wawili nafasi kubwa namna hiyo katika Kitabu chake, sisi ni nani hata tuone haya kuutaja siku ya Ijumaa?

Ndugu zangu, mengi katika magari tuyaonayo barabarani kwetu hayakuanza kazi yake hapa. Yalitumika kwanza Japani, nchi ambayo, kama kwetu, magari hupita upande wa kushoto wa njia na usukani huwa upande wa kulia. Huko gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa kwa amri ya sheria linapotimiza miaka 3 tangu lilipokuwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Na gharama za ukaguzi huo ni miongoni mwa sababu zinazomfanya mwenye gari aone ni heri aliuze. Ndipo linapofikishwa mnadani, likanunuliwa na mfanyabiashara, likapakiwa melini katika bandari kama Yokohama au Nagoya, likasafiri majuma kadhaa hadi Mombasa au Dar es Salaam. Mnunuzi hakuliona ila kwa picha. Muuzaji hamjui mnunuzi ila kwa jina. Fedha hutangulia, mali ikafuata nyuma, na baina yao ipo bahari kuu.

Na fedha hizo ni za nani? Ni za mwalimu aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo. Ni za mvuvi aliyeuza mashua yake. Ni za mzee aliyepewa kiinua mgongo baada ya utumishi wa miaka 30, akatumaini kuwa gari lile litamlisha yeye na wajukuu zake. Atakayekula fedha hizo kwa hila amekula riziki ya nyumba nzima.

Imepokewa na Abu Huraira, na imo katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula linauzwa. Juu lilikuwa kavu, lakini alipotia mkono wake ndani, vidole vyake viligusa umajimaji. Akamwuliza mwenye mali sababu yake, naye akajibu kuwa chakula kile kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiuweke ule ubichi juu watu wakauona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hana sehemu pamoja naye.

Tulitazame neno hili kwa makini. Mtume hakumlaumu mtu yule kwa kuwa chakula chake kilinyeshewa, kwani mvua ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Alimlaumu kwa kuficha. Vivyo hivyo hapana dhambi katika kuuza gari lililotumika, wala lililopata kugongwa likatengenezwa. Katika minada ya Japani gari huandikiwa karatasi ya ukaguzi yenye daraja lake, na lile lililogongwa likafanyiwa matengenezo makubwa hutiwa herufi R au RA. Karatasi hiyo ni sawa na ule ubichi kuwekwa juu ya rundo. Dhambi huanza pale karatasi inapofichwa au kubadilishwa. Pale mita ya kilomita inaporudishwa nyuma ili gari la kilomita 180,000 lionekane kuwa la kilomita 80,000. Pale gari lililozama katika mafuriko linapooshwa, likapigwa rangi, likapambwa kwa viti vipya. Huko ndiko kukausha juu ya rundo na kuacha maji ndani yake.

Wanavyuoni wa fikihi wamelichunguza sana jambo hili. Mnunuzi aliyekuta katika mali aibu ya zamani, ambayo hakuambiwa wala hakuijua, anayo haki ya kuirudisha. Na katika madhehebu ya Kihanafi, aliyenunua kitu asichokiona ana khiari pindi atakapokiona. Imesimuliwa pia habari ya Imamu Abu Hanifa mwenyewe, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye aibu akasahau kuieleza, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Imamu akaitoa sadaka thamani yote ya mali ile. Hakusema kuwa mnunuzi amekwenda mbali, wala kuwa aliyesahau ni mwingine.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mpaka hapa naona wengi mnatikisa vichwa kwa kuafiki, kwani ni jepesi kumlaani mlaghai aliye ng'ambo ya bahari. Sasa na tugeuze uso tujitazame wenyewe.

Mzee mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri akaniambia, "Sheikh, nimedhulumiwa." Alikuwa amenunua gari la abiria kwa kiinua mgongo chake, akakatwa dola 3,500, na gari lilipofika lilikuwa na injini mbovu, kinyume cha maelezo aliyopewa. Nikamwambia, "Mzee wangu, pole sana. Hebu lete karatasi tuzitazame pamoja." Akazileta. Nikasoma ankara ya muuzaji, nikakuta imeandikwa dola 2,000. Nikamwuliza sababu. Akainamisha kichwa, akasema, "Niliambiwa na wakala niombe iandikwe hivyo, ili ushuru upungue."

Ikawaje? Watu wa forodha wana orodha zao za thamani, wala hawakuikubali ankara ile. Wakalikadiria gari kwa thamani yake, wakaongeza na adhabu. Naye alipokuwa akihangaika kutafuta fedha, gharama za kulihifadhi gari bandarini zikawa zinapanda siku hadi siku, hata akauza shamba lake la minazi ili alitoe. Na alipomdai muuzaji haki yake kwa ajili ya injini, muuzaji akamjibu kuwa karatasi inasema dola 2,000, na zaidi ya hizo hazitambui. Ule uongo aliouandikisha mzee kwa hiari yake ndio uliomnyang'anya ushahidi siku alipouhitaji. Alipokwisha kunieleza hayo alizikunja karatasi zake polepole, akasema, "Basi, Sheikh, walaghai tulikuwa wawili."

Ndugu zangu, sikuwa na neno la kuongeza juu ya neno lake. Yule alificha ubovu wa injini, na huyu alificha bei. Yule alitaka kumdhulumu mtu mmoja, na huyu, bila ya kukusudia ukubwa wa jambo, alitaka kuidhulumu jamaa nzima, kwani kodi ni mali ya watu wote, na wanaolipa kwa haki ndio wanaobebeshwa mzigo wa wanaokwepa.

Wapo watakaosema: Kodi ni nzito, na wapo wanaoifuja. Tunawajibu kwamba uzito wa kodi huondolewa kwa kusema na wenye kutunga sheria, na mfujaji hushitakiwa kwa ushahidi. Uongo haukupata kuwa dawa ya dhulma. Tena sheria yenyewe haikukosa huruma. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imempa nafuu mtu anayehamia kurudi nyumbani, aingize bila ya ushuru gari 1 ambalo alilimiliki na kulitumia huko alikotoka kwa muda usiopungua miezi 12, kwa masharti yaliyowekwa. Hiyo ni haki yake. Lakini tumesikia ya mwanafunzi anayerudi kutoka masomoni akaombwa na jamaa yake aandikishe kwa jina lake gari asilolijua hata rangi yake. Huo ni ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa, hata ukiitwa kusaidiana.

Na hapa tutaje amana ya wakala. Mara nyingi mnunuzi humtegemea ndugu aliye Japani, au Dubai, au Uingereza, akamwambia, "Mwanangu, nitafutie gari zuri, nami nakuamini." Kijana akalinunua kwa dola 2,800, akamwambia mjomba wake kuwa ni dola 3,300, akajisemea moyoni kuwa hizo 500 ni ujira wa jasho lake. Ewe kijana, ujira si haramu. Ungemwambia mjomba wako kwamba wataka dola 500 kwa kazi yako, naye akaridhika, zingekuwa halali yako kama maziwa ya mama. Lakini wakala ni mkono wa aliyemtuma, na mkono haumwibii mwenyewe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa turudishe amana kwa wenyewe, wala hakumvua mjomba katika amri hiyo.

Basi ewe unayetaka kununua gari ng'ambo, shika mambo haya. Kwanza, hesabu gharama yote kabla ya kutuma hata shilingi moja. Ushuru haukadiriwi juu ya bei ya gari peke yake, bali juu ya bei pamoja na bima na nauli ya meli. Gari la dola 3,000, likiwa nauli na bima yake ni dola 1,200, hutozwa juu ya dola 4,200. Na kwa kiwango cha asilimia 25 ushuru wa forodha peke yake ni dola 1,050, kabla ya kodi nyingine kufuatia. Asiyeweza kulipa hayo na asubiri, kwani anayeagiza mzigo asioweza kuutoa bandarini ameufungua mwenyewe mlango wa hila.

Pili, taka kuonyeshwa ubichi wa rundo. Omba karatasi ya mnada, linganisha nambari ya chesisi na hati zote, wala usikinai kwa picha. Ukaguzi wa kabla ya kupakia melini usiuone kuwa ni usumbufu, kwani ni kinga yako na ya abiria utakaowapakia.

Tatu, lipa katika akaunti ya benki yenye jina la yule mnayeuziana, si ya mtu asiyetajwa katika mkataba, na uhifadhi kila stakabadhi pamoja na hati ya shehena ya meli.

Nne, na hili ndilo kubwa, kila karatasi na iseme kweli: bei, mwaka, na jina la mwenye mali. Na siku utakapoliuza gari lako, mwambie mnunuzi yote ambayo wewe ungependa kuambiwa, kwani mwaka huu wewe ni mnunuzi, na mwaka ujao utakuwa muuzaji.

Tukumbuke, ndugu zangu, kwamba Suratul Mutaffifin imewatisha wale ambao wakipimiwa hudai kipimo kitimie, na wao wakipima hupunguza. Sura hiyo haikushuka kwa ajili ya vibaba na mizani tu. Anayedai ukweli kamili kwa muuzaji wa Yokohama, kisha akapeleka nusu ya ukweli katika forodha ya Dar es Salaam, naye anapunja, hata kama hana mizani mkononi.

Gari litachakaa, nalo litaishia kuwa vyuma chakavu nyuma ya gereji. Lililoandikwa juu ya karatasi yake litabaki kwa Yule asiyesahau.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Warudishie waliodhulumiwa haki zao, na uwaongoze waliodhulumu wazirudishe kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dola wala shilingi za kulipia. Walinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, na uzijaalie barabara zetu kuwa njia za salama. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu. Amin.