NENO LA KATIBU KIKAONI: PROGRAMU YA KAZI ZA WASANII

Ndugu wanachama,

Vijana wa tawi letu wanabuni programu ya simu ya kuwatafutia kazi wachoraji, wapiga picha na wabunifu wa mavazi. Tunaiunga mkono, ila tumewaomba mambo matatu.

*Kwanza*, mwombaji aoneshe kazi zake kabla ya kuulizwa vyeti.

*Pili*, asitozwe ada ya kuomba, alipe anayeajiri.

*Tatu*, kila tangazo litaje malipo, na mchoro wa majaribio nao ulipiwe. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mchoro unalindwa tangu unapochorwa, bila kusubiri usajili.

Wapo wanaosema waajiri watakimbia. Anayekimbia kutaja bei hakuja kuajiri.

Wasanii wa tawi, tuleteeni maoni kabla ya Jumamosi.

Katibu wa Tawi