Tuweke nini ndani ya seva mbele haijaenda Kabambare?



Wengi wanatuambia: mutume seva na sistemi tupu, programu zingine watazishusha kule kule. Hiyo ni vizuri pahali intaneti iko kila saa. Kwetu mega ni bei, umeme unakatika, na kuanzia 31 Desemba 2018 Serikali ilikata intaneti inchi nzima karibu wiki tatu. Siku zile nani angeshusha kitu?

Kwa hiyo tunasema: vya lazima viingie ndani ya picha ya sistemi mbele ya kuinakili. Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili, mwanafunzi asome bila mega. Kolibri kwa masomo. Programu ya kuchunga nakala. Basi. Kila programu inayosikiliza mtandao ni mlango. Mlango usio na mlinzi tuufunge.

Tena, neno la siri lisikae ndani ya picha. Tukiinakili mara kumi, nyumba kumi zitakuwa na ufunguo mumoja. Kila mashini ijitengenezee wake siku ya kwanza.

Mashini ni za masomo yenu: mutuambie kunapunguka nini.