"Bin" Iliyopotea: Kumfuatilia Mhenga wa Zama za Ukoloni



Wanafunzi huniuliza mara kwa mara: nitampataje babu wa babu yangu aliyekuwa askari wa Mjerumani, ilhali jina lake silioni katika jalada lolote? Jibu langu ni kwamba aghalabu jalada lipo, ila jina tunalolitafuta silo lililoandikwa. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa mtu mmoja.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, mwenye asili ya Sudani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Mahjub, naye angali mtoto, aliingia jeshini pamoja na baba yake. Mwezi Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, akatekwa na Waingereza. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Huko anajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Tuyatazame majina hayo mawili kwa jicho la mwanaisimu. Jina la kwanza ni nasaba kamili kwa ufupi: Mahjub ni mwana wa Adam, na Adam ametokana na Mohamed. Neno dogo "bin" ndilo linalomfunga mwana kwa baba. Katika jina la pili kifungo hicho hakipo, na Adam ametoweka. Makarani wa Ulaya walizoea jina la ukoo lisilobadilika, nasi tuna mazoea ya jina linalosonga mbele kila kizazi. Mjukuu anayemtafuta "bin Adam" atalipita jalada la "Husen" bila kujua kwamba amempita mzee wake.

Basi kiungo kilichokatika kinapatikana wapi? Mara nyingi hupatikana kwenye dai. Husen alikwenda Berlin kudai mishahara ya vita ambayo haikulipwa, wake na wa baba yake. Serikali ya Ujerumani ilimjibu kwamba amechelewa. Hakupata kitu, lakini anayedai haki ya marehemu hana budi kueleza yeye ni nani kwake. Kwa hiyo nawashauri watafiti: msiishie kwenye orodha za askari na wapagazi. Tafuteni barua za madai, malalamiko, mirathi na ndoa, katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam na katika hifadhi za Berlin. Lakini kwanza waulizeni wazee nyumbani majina yote ya mhusika: la kuzaliwa, la utani, na la kazini.

Husen alibaki Berlin. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, aliigiza katika filamu, na alifundisha mazungumzo ya Kiswahili katika chuo kikuu cha mji huo. Alioa mwaka 1933, na katika jina la mwanawe lilirejea jina la Adam. Kile kilichokatika, baba alikiunga tena. Kwa masikitiko, mtoto huyo alifariki angali mdogo.

Mwaka 1941 Husen alikamatwa, akituhumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani kinyume na siasa ya ubaguzi ya Wanazi. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la ukumbusho liliwekwa Berlin, mbele ya mahali alipokuwa akiishi.

Mabibi na mabwana, mtu huyu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Wapo waliojifunza lugha hii kutoka kinywani mwake, na baadhi ya elimu tunayoirithi katika taaluma yetu ilipitia kwa watu kama yeye, ambao vitabu viliwaita wasaidizi tu. Kwa maana hiyo yeye ni mhenga wetu sote tuliomo ukumbini humu, na deni lake halijalipwa. Mishahara ile hatuwezi kumlipa. Tunachoweza ni kumwita kama alivyoitwa nyumbani kwao: Mahjub bin Adam.