Mwangi Yupi? Kumtambua Mwananchi Anapoiandikia Roboti

(Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa makarani wa wadi na vijana wa teknolojia, Kangema)

 

Roboti ya mazungumzo kwenye simu ni karani asiyeuona uso wa anayeuliza. Mzazi wa Kanyenya-ini akiandika "bursari Mwangi", itafutwe fomu ya Mwangi yupi? Sisi huwapa watoto majina ya babu na nyanya zao, kwa hivyo ukoo mmoja haukosi kina Mwangi watatu. Roboti inayomchukua wa kwanza kwenye sajili na kujibu kwa ujasiri ni hatari kuliko isiyojibu kabisa. Mzazi ataambiwa fomu imefika, kumbe ni ya mtoto wa jirani, na siku ya mwisho impite.

Basi jina lisitumike peke yake. Mwaka wa 2022, IEBC ilimtaka mpiga kura atume kwa 70000 nambari ya kitambulisho, alama ya #, kisha mwaka wa kuzaliwa. Vitu viwili vinafaa, maana nambari ya kitambulisho hujulikana na wengi. Mlinzi wa langoni huiandika kitabuni kila siku.

Mwananchi naye hataandika mnavyotaka. Nambari ileile ya simu itakuja ikianza na 07, au 254, au +254, tena yenye nafasi katikati. Isafisheni nyinyi. Mama wa miaka sabini asijibiwe "amri si sahihi", aonyeshwe mfano.

Halafu kuna ritifaa. Murang'a yenyewe inayo, na Ng'ang'a anazo mbili. Simu moja huiandika imenyooka, nyingine imepinda, na kompyuta huona herufi tofauti. Tena mkiyabandika maandishi ya mtu moja kwa moja ndani ya swali la hifadhidata, ritifaa hulikata swali hilo: Ng'ang'a anapata hitilafu, mhalifu anapata mlango. Tengeni swali na maandishi, ili yabaki data, yasiwe amri.

Wakipatikana watu kadhaa, msitoe orodha ya majina. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna aibu ya jirani kujua nani ameomba karo. Roboti iulize jambo moja zaidi. Ikishindwa, impeleke mtu kwa karani.

Makarani wa Muguru na Rwathia, simu za majaribio ziko mezani. Iandikieni roboti jinsi nyanya zenu wangeandika.