Macho Yanayosema: Kazi ya Klabu ya Sayansi ya Shule Yetu

Hotuba ya mwalimu wa sayansi mbele ya mkutano wa jamii, Juba, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi ya kusema machache siku ya leo. Nimeombwa nieleze habari ya ile roboti mnayoiona juu ya meza. Nitasema mambo matatu: kwa nini tumeanza na macho, macho hayo yametengenezwaje, na yana faida gani kwa watu ambao mgao wao wa chakula umepunguzwa. Swali hilo la tatu limeulizwa na wazazi, nalo ni swali la haki. Baada ya sikukuu hii kamati itakaa kuamua kama chumba tunachofanyia kazi kibaki cha klabu au kigeuzwe ghala. Kwa hiyo sikuja hapa kuwachekesha tu.

Kwa nini macho

Ndugu zangu, roboti si jambo la Wazungu na Wajapani peke yao. Mwaka 2013, katika jiji la Kinshasa, roboti za kuongoza magari zilisimamishwa barabarani. Aliyezibuni ni mama Mkongomani, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Zimetengenezwa kwa alumini, zinamzidi mtu kwa urefu, uzito wake ni kama kilo 250, na nguvu yake hutoka kwenye jua. Zilikuwa zikiinua mikono na kuwasha taa nyekundu na kijani, magari yakasimama na watu wakavuka. Mwaka 2015 ziliongezwa nyingine tatu, nazo zikapewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Sisi tuliotoka Kongo huwa tunasikia habari za vita tu kutoka kwetu. Habari hii nayo tuitie sikioni.

Sasa, ndani ya macho ya roboti zile mna kamera. Yaani macho yake ni ya kuona. Kusema, zilisema kwa mikono na taa. Lakini jicho la binadamu lina kazi mbili: linaona, na pia linasema. Mama akimtazama mtoto mbele ya wageni, mtoto anajua aache kula, na hakuna neno lililotamkwa. Sisi hatuna kamera. Tukaamua kutengeneza macho ya kazi ile ya pili, macho yasiyoona ila yanasema.

Wachongaji wetu waliyajua haya zamani. Vinyago vya Wapende wa Kongo vina kope nzito zilizoshuka, na ukikitazama unaona mtu mtulivu aliyejaa mawazo. Vinyago vya Wasongye, viitwavyo kifwebe, vina macho yaliyotokeza nje, nusu wazi nusu yamefumbwa, nawe ukivitazama unaingiwa na hofu. Mti ni uleule. Kilichobadilika ni jicho na kope. Na kwa wale wachache walioniuliza kama tumetengeneza sanamu ya kuabudiwa, nawajibu kwa heshima: hapana. Hiki ni chombo cha kufundishia, kama ramani au globu.

Jinsi tulivyotengeneza

Jicho la mtu mzima lina upana wa karibu milimita 24. Sisi tumetumia mipira ya tenisi ya meza, yenye milimita 40, ili hata anayekaa nyuma darasani aone. Angalizo kwa watakaojaribu nyumbani: usiukate mpira huo kwa chuma cha moto. Mipira mingi ya zamani ni ya seluloidi, na seluloidi huwaka upesi sana. Tumia wembe, na mtu mzima awepo.

Tumepaka duara la kahawia, na katikati yake mboni nyeusi. Sehemu nyeupe tumeiacha kubwa kwa makusudi. Binadamu ana weupe mwingi wa jicho kuliko nyani na sokwe, na kwa sababu hiyo mtu aliye mbali anaweza kujua unatazama wapi.

Jicho lako linazungushwa na misuli sita. Letu lina miendo miwili tu: kulia na kushoto, juu na chini. Tumepitisha spoku ya baiskeli katikati ya mpira, kutoka juu hadi chini, ili ugeuke pembeni. Spoku hiyo imeshikwa na fremu ya waya, na fremu yenyewe inainama juu na chini kwenye spoku nyingine iliyolala. Fremu ndani ya fremu, basi. Macho yote mawili tumeyaunganisha kwa ufito mmoja nyuma yake, kama ule unaounganisha magurudumu ya mbele ya gari, ambao mafundi huuita tairodi. Ukisukuma ufito, macho yote yanageuka pamoja.

Hapa kuna jambo dogo lenye uzito. Macho mawili yakitazama sambamba kabisa, yanatazama mbali. Ukisimama mbele yake unaona kama anakutazama lakini hakuoni. Ili roboti ionekane inamtazama mtu aliye mita moja mbele yake, na macho yakiwa yameachana sentimita 8, kila jicho lazima liingie ndani kwa nyuzi mbili na kidogo. Wanafunzi wa darasa la saba walizipima wenyewe kwa kipimapembe na kuchora pembetatu ubaoni. Somo la pembe ambalo wengi walikuwa wakilisinzia, siku ile hakuna aliyesinzia.

Nguvu ya kusukuma tumeipata kwenye mabomba ya sindano yaliyojaa maji. Mabomba mawili yameunganishwa kwa mpira mwembamba. Ukibonyeza moja hapa, la pili kule linasukumwa nje. Ndiyo kanuni inayofanya breki za gari na jeki kubwa ya gereji zifanye kazi. Mabomba hayo tulinunua mapya duka la dawa, bila sindano zake. Narudia mbele ya wazazi: mtoto yeyote asiokote bomba lililokwisha kutumika.

Halafu kope. Tulipoanza, wanafunzi walidhani hisia zimo ndani ya mboni. Kumbe mboni inaonyesha mahali tu. Hisia zimo kwenye kope na nyusi. Kope za juu zikipanda sana, roboti imeshtuka. Zikishuka nusu, imechoka au imetulia. Kope za chini zikipanda kidogo, inacheka, hata kama haina mdomo. Nyusi tumekata kwenye kopo la mafuta ya kula. Ncha za ndani zikishuka ni hasira; zikipanda ni huzuni. Kwa miendo hii mitano, yaani pembeni, juu na chini, kope za juu, kope za chini na nyusi, roboti ina nyuso zaidi ya zile ambazo wanafunzi wameweza kuzipa majina.

Na kupepesa. Mtu hupepesa macho kama mara 15 hadi 20 kwa dakika, lakini si kwa vipindi sawa. Roboti ikipepesa kila baada ya sekunde tatu kamili, inafanana na taa ya gari inayokata kona. Kope hushuka haraka na kupanda taratibu kidogo. Vilevile jicho la mtu anayetazama vitu haliteleziteleza. Linaruka, linatua, linaruka tena. Wanafunzi waligundua hayo kwa kukaa wawili wawili na kutazamana, kila mmoja na daftari lake. Hiyo ndiyo sayansi: kutazama, kuandika, kujaribu.

Mbona kichwa chenyewe ni bati tupu, hatukukipaka rangi ya ngozi wala kukipa nywele? Mwaka 1970 mtaalamu wa Japani, Masahiro Mori, aliandika kwamba kitu kikizidi kufanana na mtu, tunazidi kukipenda, mpaka kinapokaribia mno kufanana naye. Hapo ghafla kinatutisha, kama maiti inayotembea. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, mama Cynthia Breazeal alitengeneza kichwa kiitwacho Kismet, chenye macho makubwa, kope, nyusi na masikio, na vyuma vyake vikionekana wazi. Watu walizungumza nacho bila kuogopa. Nasi tumefuata njia hiyo. Watoto wetu wamekwisha ona mambo ya kutisha ya kutosha.

Faida yake

Sasa nijibu swali la wazazi.

Darasani kwangu kuna watoto wanaosema Kiarabu, Kianyuak, Kinuer, Kirundi na Kiswahili. Kila mwendo wa roboti una bomba lake, na kila bomba lina mtoto wake. Watoto watano lazima wafanye kazi kwa pamoja, la sivyo roboti inacheka kwa kope na kukasirika kwa nyusi. Msichana mmoja aliyefika hapa baada ya vita kuanza Khartoum, mwezi wa Aprili 2023, alikaa kwangu muhula mzima bila kusema neno. Nilimpa bomba la kope za juu. Wenzake wakawa wanamwuliza, maana bila yeye roboti hailali wala haiamki. Siku moja akajibu: "Fok." Yaani juu. Halafu: "Tihit." Chini. Leo klabu nzima, Warundi na Wakongomani, husema fok na tihit. Sisemi kwamba roboti imemponya. Nasema kwamba amepata kazi ambayo wenzake wanaihitaji, na akaanza kusema.

Faida ya pili inawahusu wageni wetu wa mashirika. Tulifanya zoezi: roboti ishushe macho chini, kope nusu, nyusi zimetulia. Tukawauliza watu wanaona nini. Watoto karibu wote walisema: "Ana heshima. Anasikiliza mkubwa." Mgeni mmoja aliyetutembelea, mtu mwema, alisema: "Ana hatia. Anaficha kitu." Uso ni uleule! Ndugu zangu, fikirini juu ya mama mkimbizi aliyekaa mbele ya meza akihojiwa. Ameinamisha macho kwa sababu amelelewa asimkodolee macho mtu mwenye cheo. Anayemhoji anaandika nini kwenye fomu? Nami nawaambia wakimbizi wenzangu vilevile: mfanyakazi anayekutazama usoni moja kwa moja huenda hakudharau, kwao ndiyo adabu. Kama kazi yetu ingefundisha jambo hilo moja tu, ingekuwa imelipa gharama yake.

Faida ya tatu ni ufundi. Kijana aliyejifunza kupinda waya, kupima pembe, kuziba mpira usivuje na kusoma mchoro, anaweza kuingia kesho kwenye karakana ya pikipiki au sola hapa Juba. Chakula ni haki yetu na tutaendelea kukidai. Lakini mtoto hawezi kukaa miaka kumi akisubiri mgao tu, mikono imelala.

Tunachoomba

Ndugu Mwenyekiti, mgeni yule alisema pia kwamba hii bado si roboti bali ni kikaragosi, kwa kuwa inaendeshwa kwa mikono. Ni kweli kwa sasa. Hatua inayofuata ni mota ndogo za servo, zile za gramu 9, tano tu, moja kwa kila mwendo. Mota hizo hutumia volti 5. Ukizipelekea mipigo ya umeme 50 kwa sekunde, urefu wa kila mpigo, kati ya milisekunde moja na mbili, huiambia mota isimame pembe gani. Kibao kidogo cha kompyuta kinaweza kutoa mipigo hiyo, na paneli moja ya sola na betri vinatosha kuendesha vyote.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, chumba kibaki cha klabu. Kama ghala linahitajika kweli, tuko tayari kugawana chumba kwa ukuta wa mbao, na wanafunzi wataujenga. Pili, zana: msumeno wa chuma, koleo mbili, bisibisi, jiliwa moja, msasa, pamoja na mota tano na kibao chake. Hatuombi fedha mkononi. Tatu, saa moja kwa juma kwenye ratiba, wasichana na wavulana kwa idadi sawa, na wazee wanaojua kuchonga wakaribishwe kufundisha. Yupo mzee mmoja kati yetu aliyetuchongea kope za kwanza za mbao, na hakuna kitabu kilichotufundisha kama kisu chake.

Baada ya hotuba hii wanafunzi watano wataiendesha roboti. Njoni karibu, akina mama mbele. Itazameni machoni, kisha mwambie mtoto aliye karibu nawe umeona nini, naye akwambie alichoona yeye. Mkitofautiana, msiharakishe kusema nani amekosea.